Choya hutoka, utomvu wa mgomba hautoki: jinsi rangi ya mimea inavyoshika kitambaa

Mtoto akila bibo na maji yake yakadondokea shati la shule, mama anajua shati hilo halirudi kuwa jeupe. Maji ya bibo hayana rangi ya kutisha, ni ya njano hafifu tu, lakini yakishakauka kwenye pamba huacha doa la kahawia ambalo sabuni na ndimu hushindwa nalo. Utomvu wa mgomba ni zaidi ya hapo. Unachuruzika kama maji, na baada ya muda umekuwa alama nyeusi ya kudumu. Ndiyo maana mtu anayekwenda kukata ndizi havai nguo ya kutokea.

Sasa chukua choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Chemsha kikombe kimoja cha choya kavu na utapata maji mekundu yaliyokolea mpaka sufuria haionekani chini. Nilipoanza kujifunza kutia rangi vitambaa kwa mimea nilianza na choya kwa sababu hiyo hiyo: macho yaliniambia kwamba penye wekundu mwingi ndipo penye rangi nyingi. Mita 2 za marikani zilitoka sufuriani zikiwa na waridi la kupendeza. Nilipozitia kwenye maji ya sabuni, waridi lile liligeuka bluu chafu mbele ya macho yangu, likawa kijivu, na baada ya kusuuza mara ya tatu hapakuwa na rangi yoyote ya kuitaja.

Maji yasiyo na rangi ya kutisha yameacha doa la kudumu, na maji mekundu kama damu hayakuacha kitu. Anayetaka kutia rangi nyumbani akielewa kwa nini iko hivyo, atakuwa ameshapita sehemu ngumu. Mengine ni kupima na kusubiri.

Kuchuja na kupauka

Tukimlalamikia muuza nguo tunatumia maneno mawili tofauti, na tofauti yake ni ya maana sana hapa. Nguo ikiacha rangi kwenye beseni, tunasema inachuja. Nguo ikiisha rangi juani, tunasema imepauka. Ni magonjwa mawili, na dawa zake si moja.

Choya huchuja. Wekundu wake unatokana na rangi ziitwazo anthosianini, ambazo zimo pia kwenye kabichi la zambarau na zabibu nyeusi. Zinayeyuka upesi kwenye maji, na kwenye uzi wa pamba hazina pa kujishikiza. Isitoshe, hubadilika kufuatana na ukali wa maji: penye ndimu ni nyekundu, penye sabuni au magadi ni bluu, kijani au kijivu. Viazisukari vyekundu, yaani biti, vina rangi ya aina nyingine kabisa, lakini mwisho wao kwenye pamba ni ule ule.

Manjano yana tabia nyingine. Yanashika pamba yenyewe bila kusaidiwa na kitu, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kudondoshea mchuzi kwenye kanzu. Ukilipaka sabuni doa hilo, linageuka jekundu. Ukisuuza, linarudi kuwa la njano. Wengi hushtuka wakidhani sabuni imeharibu kanzu. Sabuni ya mche ina ukali wa magadi, na rangi ya manjano hubadilika ikikutana na ukali huo, basi. Lakini anika kanzu hiyo juani siku chache na doa litafifia lenyewe. Manjano hayachuji sana ila hupauka haraka mno. Mzingefuri nao ni hivyo hivyo: mbegu zake zikichemshwa na magadi hutoa rangi ya chungwa inayovutia, na jua la mchana huila.

Kwa hiyo mtu akikuambia rangi ya mmea fulani "inashika", muulize: inashika maji au inashika jua?

Pamba haina mikono

Nenda sasa kwenye hina. Bibi harusi akipakwa leo, viganjani itakaa wiki mbili hivi, na kwenye kucha itakaa mpaka kucha ikue ikatwe. Hina hiyo hiyo ikimwagikia kanga, inaacha kahawia hafifu inayopungua kila ikifuliwa. Hina ni moja, tofauti iko kwenye kile ilichokutana nacho. Kucha, nywele, ngozi, sufu ya kondoo na hariri zote ni protini, na rangi ya hina inafungamana na protini moja kwa moja. Pamba ni selulosi, ndugu wa karatasi na ukuni. Kitani na katani ni jamii hiyo hiyo. Selulosi haina sehemu nyingi za rangi kujifunga, ndiyo maana maelekezo mengi yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi wanaotumia sufu yanatuangusha sisi tunaotumia pamba.

Pamba inahitaji mtu wa kati. Anayejulikana na kutumika zaidi ni shabu, ile inayouzwa vipande vyeupe kama barafu, ambayo vinyozi huipitisha kwenye ngozi baada ya kunyoa na watu huitumia kutuliza tope kwenye maji ya kisima. Ndani ya shabu mna alumini. Alumini ikiyeyuka majini ina uwezo wa kushika vitu viwili kwa wakati mmoja: upande huu uzi, upande huu rangi. Rangi ikishafungwa hivyo, haiyeyuki tena kirahisi kwenye maji ya kufulia, na mara nyingi hung'aa zaidi ya ilivyokuwa sufuriani.

Tatizo ni kwamba hata alumini yenyewe haishiki pamba vizuri. Sufu inaipokea kwa urahisi, pamba inaipokea shingo upande. Hapo ndipo anapoingia mtu wa kati wa pili, tanini. Tanini ndicho kile kinachokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi, ganda la komamanga au bibo ambalo halijaiva. Ipo pia kwenye majani ya chai, kwenye kokwa la parachichi na kwenye magome ya mkoko na mkandaa. Tanini hujibandika kwenye pamba yenyewe, na alumini hujibandika kwenye tanini kwa nguvu. Unapata mnyororo: pamba, tanini, alumini, rangi. Ukiruka pete moja, rangi inaondoka na maji.

Kumbe bibo na mgomba havikuhitaji msaada wetu. Vilikuja na tanini na jamaa zake, vikazama ndani ya uzi vikiwa bado maji, kisha hewa ikavigeuza kuwa vitu vyeusi visivyoyeyuka. Choya ilikuja na rangi tupu.

Kuna mtu wa kati mwingine, chuma, ambaye jikoni tunamjua bila kumtaja. Menya ndizi mbichi kwa kisu cha zamani cha chuma kinachoshika kutu, na utaona kisu na vidole vinakuwa vyeusi. Tanini ikikutana na chuma hutoa kijivu mpaka weusi. Mafundi wa bogolanfini kule Mali wamejenga sanaa nzima juu ya jambo hilo: kitambaa cha pamba kinalowekwa kwenye maji ya majani yenye tanini mpaka kinakuwa cha njano, kisha kinachorwa kwa tope la mtoni lenye chuma. Tope likioshwa, pale lilipopita panabaki peusi.

Chumvi na siki

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza vitambaa vyao. Utaambiwa kila mahali: tia chumvi, tia siki, rangi itashika. Maneno hayo si ya uongo, yamehama tu kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine. Chumvi hutumika na rangi za viwandani za kutia pamba, kwa sababu inasaidia rangi hizo kuacha maji na kuingia kwenye uzi. Siki hutumika na rangi za viwandani za sufu na hariri, ambazo hufanya kazi penye uchachu. Aliyesoma maelekezo ya pakiti ya dukani akayahamishia kwenye sufuria ya maganda ya kitunguu hakufanya ujinga. Amebeba ufunguo wa mlango mwingine. Chumvi haifungi rangi ya mmea kwenye pamba, na siki peke yake pia haifungi. Mara nyingine siki huonekana kama imefanya kazi kwa kuwa imeing'arisha choya au biti kwa siku moja.

Nimeona pia watu wakishauriana kutumia mrututu, yaani salfeti ya shaba, ili kupata kijani. Mimi sishauri. Mrututu ni sumu kwa anayeushika na kwa samaki na udongo unakomwagwa, na hakuna rangi ya kitambaa yenye thamani ya kuhatarisha watoto nyumbani.

Kitambaa kimoja, siku nne

Nitaeleza kwa kipande cha gramu 200, ambacho kwa marikani ya kawaida ni karibu mita moja. Kipime kikiwa kikavu, kwa sababu vipimo vyote vinafuata uzito wa kitambaa na si wingi wa maji. Mizani ya jikoni inatosha.

Kwanza hakikisha ni pamba. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Mimea haishiki poliesta. Jihadhari hata na uzi wa cherehani, kwa kuwa ukitia rangi gauni lililokwisha shonwa, kitambaa kinapata rangi na mishono inabaki myeupe.

Siku ya kwanza ni ya kuosha, na hapa ndipo wengi hufanya haraka. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani juu yake, na ndani ya uzi mna nta ya asili ya pamba. Nta hiyo hufukuza maji, na rangi inasafiri kwa maji. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha magadi, acha mchanga utuame, chuja, tia kwenye sufuria kubwa pamoja na sabuni kidogo, na uchemshe kitambaa saa 2. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa kitambaa nilichodhani ni safi, maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Dalili kwamba kimetakata ni hii: kikikauka, dondoshea tone la maji. Likizama papo hapo, endelea. Likikaa juu kama tone kwenye jani la mgimbi, rudia.

Jioni chemsha gramu 60 za maganda makavu ya komamanga kwa saa moja, chuja, ongeza maji mpaka kitambaa kielee, na ukiloweke usiku kucha. Asubuhi kitakuwa na unjano wa samli. Kikamue, usikisuuze.

Siku ya pili ni ya shabu. Gramu 30 zisage, uziyeyushe kwenye maji ya moto. Kando yeyusha nusu kijiko cha chai cha magadi yaliyochujwa, kisha mimina kidogo kidogo ndani ya maji ya shabu. Yatafoka povu kama soda iliyotikiswa. Ni hewa inatoka, subiri litulie. Magadi yanapunguza uchachu wa shabu ili alumini ikubali kukaa kwenye pamba. Yakizidi, maji yatakuwa meupe kama maziwa, na alumini itakuwa imeganda majini badala ya kwenda kwenye kitambaa. Loweka mpaka siku ya tatu, ukikigeuza kila unapopita ili pasibaki mikunjo ambayo maji hayakufika.

Rangi ya kipande hiki ilikuwa ya maganda ya kitunguu maji, na kwa anayeanza sijui mmea bora kuliko huo. Unahitaji maganda makavu yenye uzito sawa na kitambaa, na gramu 200 za maganda ni mfuko mkubwa uliojaa, maana hayana uzito. Hayanunuliwi. Nilimwendea mama mmoja anayeuza vitunguu sokoni.

"Shikamoo mama. Naomba maganda hayo ya chini."

"Marahaba mwanangu. Una mbuzi?"

"Hapana mama, nachemshia kitambaa."

Alinyamaza kidogo, akainua gunia. "Basi zoa yote. Na ukimaliza kuchemsha, uniletee nione."

Chemsha maganda saa moja, chuja, acha maji yapoe kidogo kisha tumbukiza kitambaa kikiwa kibichi, si kikavu, la sivyo utapata mabaka. Moto uwe wa kutoa mvuke bila kutokota, saa moja, halafu uzime na uache kitambaa humo mpaka kesho. Siku ya nne unakitoa: dhahabu iliyoiva, inayokaribia kutu pale palipolala chini. Kianike kivulini, na usikifue kwa wiki moja. Kikifuliwa, tumia sabuni isiyo kali.

Ukitaka rangi ya pili kutoka sufuria hiyo hiyo, chukua misumari yenye kutu uliyoiloweka kwenye siki na maji kwa wiki mbili, tia kijiko kimoja cha maji yake kwenye ndoo, na uchovye kitambaa cha dhahabu kwa dakika chache. Kitageuka kijani cha sare za jeshi wakati unakitazama. Usizidishe. Chuma kingi hula pamba polepole, na baada ya miaka kitambaa huchanika penyewe pale kilipokolea.

Mambo mawili kuhusu vyombo na maji. Sufuria ya rangi isirudi kupika chakula, hata kama ulichemshia kitunguu. Na maji ya kisima yenye chuma huzima rangi zote kuwa za kijivujivu bila wewe kujua kosa liko wapi. Maji ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote.

Kokwa za parachichi hufuata njia hiyo hiyo, na kwa kuwa zimejaa tanini zenyewe, hutoa waridi la udongo hata bila komamanga. Magome ya mkoko na mkandaa hutoa wekundu wa kahawia wenye nguvu sana. Hata hivyo sisemi mtu ayaendee. Misitu ya mikoko Tanzania na Kenya imehifadhiwa kisheria, na mti ukibanduliwa gome kuuzunguka shina hufa. Mwenye hamu ya rangi hiyo aridhike na komamanga na chai.

Nili haifuati sheria hizi

Yote niliyoeleza juu ya shabu na tanini, kwenye bluu yasahau. Nili haihitaji mtu wa kati, na ugumu wake ni wa kinyume: haiyeyuki kwenye maji kabisa. Unga wa nili ukiutia kwenye ndoo unakaa kama vumbi. Ili iingie kwenye uzi lazima kwanza inyimwe oksijeni kwenye maji makali ya magadi au chokaa. Hapo inageuka njano ya kijani na kuyeyuka. Unachovya kitambaa polepole bila kupiga povu, unakitoa kikiwa kijani, na hewa inaanza kazi. Kijani kinakimbia kuanzia kwenye kingo kuelekea katikati, na kwa dakika chache kitambaa ni bluu. Nili imerudi kuwa isiyoyeyuka, ila safari hii imenaswa ndani ya nyuzi. Weusi wa bluu hupatikana kwa kuchovya mara nyingi, si kwa kuongeza unga.

Watu wa pwani wa karne ya 19 walikijua kitu hiki. Meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar pamba ngumu isiyopaushwa, ambayo mpaka leo tunaiita marikani kwa jina la nchi ilikotoka. Marikani hiyo ikichovywa kwenye nili ilikuwa kaniki, vazi la watumwa na watu wa kazi. Waliokuwa wakichovya na kupiga vitambaa hivyo walikuwa na ujuzi ambao hatukuuandika.

Na wapo wanaoufanya leo bila kuuita hivyo. Kina mama wanaotengeneza batiki hutia rangi yao pamoja na kostiki na haidrosi. Kostiki ni ule ukali, haidrosi ndiyo inayonyang'anya oksijeni. Kitambaa kinatoka na rangi moja na kugeuka nyingine hewani, kama nili hasa. Anayejua batiki anajua nusu ya nili tayari. Nyumbani, mahali pa haidrosi panaweza kukaa matunda: uwiano unaotumika sana ni sehemu 1 ya unga wa nili, 2 za chokaa iliyozimwa na 3 za sukari ya matunda, au unachemsha tende na ndizi zilizoiva sana kupata sukari hiyo. Vaa glavu na linda macho, chokaa inaunguza.

Rangi za mimea zilianza kuondolewa sokoni mwaka 1856, kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaambulia zambarau. Mwaka 1868 Wajerumani Graebe na Liebermann walitengeneza maabarani wekundu uliokuwa ukitoka kwenye mizizi ya mmea uitwao madder, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Sioni haja ya kuzitukana rangi hizo. Nyingi zinashika jua kuliko chochote nitakachotoa jikoni kwangu. Ninachotetea ni kwamba anayeuza kitambaa cha mimea amwambie mnunuzi ukweli wa jua na maji, badala ya kutaja neno "asili" akanyamaza.

Kuujua ukweli huo hakuhitaji maabara. Kata vipande vya kila rangi uliyotia, funika nusu ya kila kimoja kwa kadibodi, ubandike dirishani panapopigwa na jua. Kwangu, kipande cha manjano kilionyesha mstari siku ya tatu, na baada ya wiki upande wa wazi ulikuwa karibu mweupe. Cha parachichi kiliacha uwaridi kikaelekea kahawia. Cha maganda ya kitunguu, kilichopitia komamanga na shabu, mstari ulianza kuonekana kwa mbali wiki ya tatu. Hicho ndicho nilichompelekea yule mama wa sokoni. Alikigeuza pande zote mbili, akalamba kidole, akasugua pembeni, akakitazama kidole.

"Hakichuji," akasema. Akaniuliza kama maganda ya vitunguu vyeupe nayo yanafaa.

Hayafai, karibu hayana rangi. Ni ya vile vyekundu.